Mkrismasi Wako Hautoi Maua?

Kuhusu mkrismasi, swali tunaloulizwa mara nyingi kitaluni ni hili: mti una miaka saba, majani yamejaa, kivuli kipo, lakini ua hata moja hakuna. Na mwulizaji kwa kawaida ni mtu anayeupenda kweli mti wake. Anaumwagilia kila jioni, anautia samadi, na Oktoba ikiingia anaupogolea matawi ili Desemba upendeze. Mapenzi hayo ndiyo yanayouzuia kuchanua.

Asili ya mkrismasi (Delonix regia) ni Madagaska, kwenye misitu mikavu ya kaskazini na magharibi, ambako miti hupukutisha majani na kukaa miezi kadhaa bila mvua. Mti wetu haujasahau kwao. Unahitaji kipindi cha kiu ndipo uchanue. Hapa pwani unapoanza kupukutisha majani wakati wa kiangazi, watu huleta ndoo wakidhani unakufa. Uache. Mti mkubwa ukimwagiliwa na kutiwa mbolea nyingi yenye naitrojeni, nguvu yote huenda kwenye majani. Ukipogolewa karibu na msimu wa maua, unakatwa zile ncha ambazo zingechanua. Kivuli cha jengo au cha mwembe nacho huuzuia, kwani mkrismasi hutaka jua kutwa nzima. Sababu nyingine ni umri tu: uliooteshwa kwa mbegu huanza kuchanua kati ya miaka 5 na 10, wakati mwingine zaidi, na hapo dawa ni subira.

Mbegu ni rahisi kupata. Okota zile ganda ndefu ngumu ambazo watoto huzitikisa kama kayamba, uchague zilizokauka zikawa kahawia iliyokoza. Mbegu yenyewe ina gamba gumu, na ukiifukia hivihivi inaweza kukaa udongoni miezi bila kuota. Shika moja kwa vidole, uikwaruze ubavuni kwa msasa mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, kisha uilowanishe usiku kucha. Asubuhi zilizo hai zitakuwa zimevimba na gamba limelainika. Zisizovimba zirudishe kwenye msasa. Panda kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) kirefu, mbegu ikizama sentimita 1 au 2 udongoni. Nyingi huchomoza ndani ya wiki mbili. Usiuache mche ukae kwenye kiriba mpaka mizizi ianze kujizungusha chini. Ukifika magotini na mvua zimeanza, upeleke shambani.

Sasa mahali pa kuupanda, jambo ambalo naomba lisipitwe. Mizizi ya mkrismasi husambaa juujuu na kwenda mbali, na ikizeeka hutuna chini ya shina kama kuta ndogo. Niliwahi kuona shule moja iliyopanda miche hatua mbili tu kutoka ukuta wa darasa. Kwa miaka mingi watoto walisomea chini ya kivuli kile. Kisha sakafu ikainuka, ukuta ukapata ufa, na miti ikakatwa yote wiki moja, ikiwa kwenye ubora wake. Iliniuma, kwa sababu kosa lilifanyika siku ya kwanza, mche ukiwa mwembamba kama fimbo na hakuna aliyewaza ukubwa wake. Acha mita 10 kutoka kwenye nyumba, chemba na bomba la maji. Kama kiwanja ni kidogo, panda mti mwingine. Mwavuli wake mara nyingi hutanda kwa upana kuliko urefu wa mti, na chini yake nyasi hazitastawi.

Mwaka wa kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki wakati wa ukavu, uweke matandazo, lakini yasiguse shina, maana huvuta mchwa na kuozesha gome.

Mbao yake ni laini na matawi huvunjika kwa upepo, hivyo umbo hutengenezwa ukiwa mdogo. Acha shina moja, ondoa matawi ya chini polepole mpaka mtu apite bila kuinama. Tawi nene likatwe hivi: msumeno uanzie chini, mbali kidogo na shina, uingie robo ya unene, kisha kata kwa juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchuna gome. Kisiki kilichobaki kikate nje ya ile pete iliyovimba pale tawi linapoungana na shina. Pete hiyo ndiyo inayofunga kidonda. Ukiikata, uozo huingia.

Kama wako tayari uko karibu na ukuta na haujazidi miaka miwili, uhamishe ukiwa umepukutika, ukiuchimba na donge kubwa la udongo. Ukiwa mkubwa, usikate mizizi minene upande wa nyumba kwa kukisia. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja husimama vizuri mpaka siku ya upepo mkali. Mwite bwana miti auone kwanza.