Kabla ya kuhesabu utajiri wa Ruri, hesabu asidi

Vilima vya Ruri kule Homa Bay, na Buru karibu na Muhoroni, ni karbonatiti, mwamba wa jamii moja na ule wa Mrima, Kwale, unaobeba madini adimu ya ardhini. Sheria ya Madini ya 2016 inampa Waziri uwezo wa kutangaza madini fulani kuwa ya kimkakati, na kuyaweka chini ya Shirika la Kitaifa la Madini. Ni hatua nzuri, ila inajibu tu mali ni ya nani. Namna ya kuitoa ndani ya jiwe ni swali jingine, na hapo ndipo China ilipowaacha wengine: inasafisha karibu asilimia 90 ya madini haya duniani.

Tuseme mwamba una asilimia 2 ya oksidi za madini hayo adimu. Kila tani ina kilo 20, na nyingi ni seri na lanthani, za bei duni. Neodimi na praseodimi, zinazohitajika kwenye sumaku za magari ya umeme, ni kilo 3 au 4. Kiwanda kikiokoa asilimia 60, unashika kilo 2 hivi.

Sasa asidi. Njia ya kawaida ni kusaga mwamba, kuzielesha chembe za madini kwa povu ili kupata konsentreti, yaani unga uliokolezwa, kisha kuichoma na asidi ya salfuriki. Karbonatiti imejaa kalsiti, madini ya chokaa, na tani moja ya kalsiti humeza karibu tani moja ya asidi na kuacha tani 1.7 za jasi. Kalsiti isipoondolewa kwenye povu, faida yote inaishia kwenye malori ya asidi kutoka Mombasa. Mwamba uliooza juu ya kilima huwa na kalsiti kidogo kwa sababu mvua imeiosha, lakini chembe zake ni laini mno na zimepakwa kutu ya chuma. Povu halizishiki, nazo huondoka na tope.

Ndiyo maana leseni ya utafutaji ingefaa kudai ripoti ya aina za madini, si asilimia peke yake. Monaziti na bastnesiti, aina mbili za madini zinazobeba elementi hizi, zinaweza kutoa namba moja maabarani na zikahitaji viwanda tofauti. Sampuli zenyewe ziyeyushwe kwa peroksidi ya sodiamu. Asidi nne zilizozoeleka huacha chembe sugu bila kuyeyuka na matokeo yakashuka. Katika kila sampuli 20, moja iwe ya kipimo kinachojulikana na moja nyingine isiyo na kitu, maabara isiarifiwe ni zipi.

Kuna thori pia, metali yenye mionzi. Lambwe Mashariki, chini ya Ruri, mionzi ya asili iko juu kwa sababu yake, na ukikoleza madini adimu unaikoleza nayo. Isipopangiwa bwawa lenye sakafu isiyovuja tangu mchoro wa kwanza, itaishia kwenye visima vya watu. Hili lisemwe kwenye baraza kabla ya kutaja mgao wa mrabaha wa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii.

Mimi ningejenga kiwanda kimoja karibu na reli ya Nakuru–Kisumu, Muhoroni kwa mfano, kihudumie vilima vyote na kiishie kwenye karboneti mchanganyiko, yaani unga wenye elementi zote zikiwa bado pamoja. Kutenganisha elementi mojamoja kunahitaji mamia ya matangi ya kuchanganya na kutuliza, na mwamba wa vilima viwili tu hauwezi kuyalisha.

Halafu bei. China ilipobana mauzo mwaka 2010 bei ziliruka, kisha zikaporomoka, na kampuni ya madini hayo ya Marekani, Molycorp, ikafilisika mwaka 2015. Ndiyo sababu mwaka 2025 serikali ya Marekani iliihakikishia kampuni ya MP Materials bei isiyopungua dola 110 kwa kilo ya neodimi na praseodimi. Hazina yetu haiwezi kutoa ahadi kama hiyo, kwa hiyo mnunuzi ndiye aandikishwe kuitoa, kwa miaka 10 au zaidi, kabla ya tingatinga kupanda kilimani.