Mwanafunzi Hodari wa Lugha: Tunayoamini Darasani na Ukweli Wenyewe

Dhana: Hodari wa lugha ni yule anayesema sana.
Hapa Kisumu, huyo ndiye anayeteuliwa kukariri shairi siku ya wazazi. Yupo pia yule mkimya wa dawati la nyuma, ambaye insha yake ikisomwa darasa zima linatulia. Mwalimu humpita huyu kwa urahisi. Aandike kwanza, ndipo aombwe kuzungumza.

Dhana: Akimaliza mapema, aongezewe insha nyingine.
Hiyo ni adhabu. Anayemudu lugha apewe kazi ngumu zaidi, na ushairi wa arudhi, yaani unaofuata kanuni za vina na mizani, unafaa sana. Tuseme ameandika kuhusu omena, yaani dagaa: "Omena wameanikwa kwenye jua kali huko Dunga." Mwambie aigeuze sentensi hiyo kuwa mshororo wa mizani (silabi) 16, nane kila upande. Atahesabu kwa vidole, atafuta, atarudisha neno, hadi apate: "Omena wameanikwa, jua kali pale Dunga." Sasa vina vyake, yaani silabi za mwisho wa kila upande, ni -kwa na -nga, na bado ana mishororo mitatu ya kukamilisha ubeti wa tarbia, wenye mishororo minne. Hapo hata aliye mwepesi kuliko wote hukuna kichwa, na ndivyo ninavyotaka.

Mjadala nao uwe na masharti: kabla ya kupinga, mwanafunzi aeleze hoja ya mpinzani mpaka mpinzani mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Katikati ya mjadala wabadilishane pande.

Dhana: Howard Gardner alisema kila mtoto afundishwe kwa akili yake tu.
Gardner wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza nadharia ya akili nyingi, kwamba mtu ana akili za aina mbalimbali, mwaka wa 1983, akili ya lugha ikiwa mojawapo. Mwenyewe amekana kwamba hizo ni mitindo ya kujifunza, na wanasaikolojia wengi wameikosoa nadharia hiyo. Kwa hiyo usimwache mtoto ajifiche kwenye hadithi. Aende na lugha yake hadi kwenye sayansi: amweleze mama muuza omena kwa nini samaki hukauka upesi siku yenye upepo, bila kutaja neno "uvukizi".

Dhana: Dholuo au Kiluhya cha nyumbani kinamharibia Kiswahili.
Mtoto aliyelelewa kwa vitendawili vya nyanya yake tayari anajua kuficha maana na kuifichua. Alete kimoja, akifasiri, awategee wenzake. Anayetamka "sule" badala ya "shule", kwa kuwa Dholuo haina sauti hiyo, anahitaji mazoezi ya dakika chache tu, pembeni, mbali na kicheko cha darasa.