Bendi huru haikuwa bendi iliyokataliwa

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya wapenzi wa muziki: eti bendi huru za Uingereza za enzi ya posti-panki (muziki wa roki uliofuata panki, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970) ziliitwa huru kwa sababu kampuni kubwa za kurekodi zilizikataa, na kazi zao hazikuuzika. Si kweli, na unawavunjia heshima wanamuziki waliojituma sana.

Uhuru ulihusu nani anatoa santuri na nani anaisambaza. Januari 1977 bendi moja ya Manchester ilitumia pauni 500 za kukopa, ikatoa nakala 1,000 za santuri yake kwa lebo (kampuni ya kutoa santuri) yake yenyewe. Ziliisha upesi, zikaongezwa maelfu. Mwaka huohuo kampuni kubwa ikaisaini bendi hiyo. Mwaka 1978 bendi nyingine, ya London, ilichapisha gharama za kutengeneza santuri yake kwenye jalada, ili vijana wengine waone kwamba jambo hili linawezekana. Hilo hunigusa hadi leo. Na santuri ya inchi 12 iliyouzwa kuliko zote Uingereza, ya 1983, ilitoka kwa lebo huru.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu neno "indie", kifupi cha neno la Kiingereza "independent", yaani huru, baadaye liligeuka jina la mtindo wa magitaa. Ila chati huru ya Uingereza, yaani orodha ya santuri huru zilizouzwa zaidi, iliyoanza 1980, haikujali muziki unasikikaje. Ilitazama santuri imesambazwa na nani.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiupeleke mbele. Tafuta picha ya upande wa nyuma wa jalada la santuri, usome maandishi madogo: jina la lebo, na mara nyingi la msambazaji, limeandikwa hapo.