Alama ya Nyumbani Haivuki Bahari: Dhana Potofu Kuhusu Vibali vya Vifaa vya Kielektroniki

Kifaa kidogo cha kupima joto la chumba baridi cha samaki, kinachotuma vipimo kwa redio, kinaweza kuundwa Mombasa na kupata mnunuzi Tanga, Rotterdam au Houston. Kinachokwamisha mara nyingi si ufundi. Ni mambo yanayoaminika mjini kuhusu vibali, na kuyaamini kunaweza kukugharimu shehena nzima.

Dhana: kikishapita Kenya, kimepita kote.

Kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kinahusu Kenya tu. Ukivuka Lunga Lunga ukaingia Horohoro, redio ileile inahitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Uganda mwenye kauli ni UCC, tume ya mawasiliano ya huko. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inasaidia ndani ya Afrika Mashariki, kwani sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataka nchi wanachama zitambue alama za wenzao. Lakini ubora wa bidhaa ni jambo moja, matumizi ya masafa ya redio ni jingine.

Mbali zaidi, hata bodi ya saketi yenyewe hubadilika. Redio ya LoRa (inayotuma data kidogo mbali kwa umeme kidogo) ya megahezi 868 inakubalika Ulaya, ila Marekani kazi hiyo hufanyika kati ya megahezi 902 na 928. Antena na vichujio havilingani, kwa hiyo soko liamuliwe kabla bodi haijachorwa.

Dhana: CE, alama ya kwamba kifaa kinakidhi sheria za Ulaya, hutolewa na ofisi fulani huko.

Hakuna ofisi hiyo. Mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetamka kwa maandishi, kwa sahihi yake, kwamba kifaa kinakidhi sheria. Chenye redio kinafuata agizo 2014/53/EU, linalojumuisha usalama, kelele za umeme (mawimbi yanayovuruga vifaa vingine) na masafa. Nyuma ya tamko lazima pawe na jalada: michoro ya saketi, orodha ya vipuri, ripoti za maabara, tathmini ya hatari na maelekezo ya mtumiaji. Jalada hilo litunzwe miaka 10. Alama yenyewe kwa kawaida isipungue milimita 5 kwenda juu. (Na wanaosema kuna CE nyingine yenye maana ya “China Export” wanakosea, alama rasmi ya namna hiyo haipo.)

Kitu kinachosahaulika ni anwani. Tangu Julai 16, 2021, vifaa vya aina hii lazima viwe na mhusika aliyeko ndani ya Umoja wa Ulaya, jina na anwani yake vikiwa kwenye bidhaa, kifungashio au hati zinazoandamana nayo. Boksi lenye CE nzuri lisilo na anwani hiyo linaweza kuzuiwa forodhani.

Dhana: moduli (redio iliyonunuliwa ikiwa tayari) ina namba ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, basi kifaa changu kimeshapita.

Hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Kibali cha moduli kinabeba redio peke yake, tena kwa antena za aina iliyojaribiwa nayo na zisizozidi nguvu yake. Ukiweka antena ndefu ili mawimbi yafike mbali, umetoka nje ya kibali. Boksi nalo liandikwe kwamba ndani mna moduli yenye namba hiyo. Kifaa kizima bado kinapimwa kelele zake, na kikipitia njia ya tamko la msambazaji, yaani yeye mwenyewe kutamka kwamba kinakidhi sheria, lazima awepo mhusika mwenye anwani Marekani.

Maabara hukiweka kifaa juu ya meza inayozunguka, sentimita 80 kutoka sakafuni, kebo zote zikiwa zimechomekwa, na antena ya kupimia mara nyingi ikiwa mita 3 kutoka hapo. Kinachoangusha wengi ni kebo. Saketi ya kushusha volti inazalisha kelele, kelele inapanda kwenye waya wa sensa wa mita mbili, na waya unageuka antena. Dawa ni pete ya feraiti, inayomeza kelele, pale kebo inapotokea kwenye boksi. Ukiiweka katikati ya kebo, kipande kilicho kabla yake kitaendelea kurusha kelele. Kapasita ya kichujio nayo ikae jirani kabisa na mlango wa umeme.

Dhana: madini ya risasi kidogo kwenye lehemu hayaonekani.

Lehemu ya kawaida ya 63/37 ina risasi asilimia 37. Ukomo wa Ulaya ni asilimia 0.1, na hupimwa kwa kila kiungo cha lehemu peke yake, si kwa uzito wa kifaa chote. Kiungo kimoja ulichorekebisha kwa lehemu hiyo kinatosha kukuangusha. Tenga pasi, ncha na waya wa lehemu isiyo na risasi, na ukumbuke inayeyuka karibu nyuzi 217 badala ya 183. Ukichoma kwa joto la zamani, viungo vinabaki vibovu.

Dhana: masharti ya betri ni ya ndege tu.

Betri ya lithiamu inayopitia Kilindini nayo lazima iwe imefaulu UN 38.3, majaribio ya usalama wa betri yaliyowekwa na Umoja wa Mataifa. Mdai muuzaji muhtasari wa majaribio. Kwa ndege, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake zisizidi asilimia 30 ya chaji.

Dhana: kibali kikipatikana, kazi imekwisha.

Muuzaji akikubadilishia adapta kimyakimya kwa sababu ya kwanza imeisha sokoni, kifaa unachouza si kile kilichopimwa. Kelele za adapta mbili zenye volti sawa zinaweza kutofautiana sana. Piga picha za ndani ya kifaa kilichofaulu, andika namba ya kila kipuri, kifungie kimoja kabatini pamoja na jalada, kisha fungua kifaa kimoja kutoka kila shehena mpya na ukilinganishe nacho kabla mizigo haijaenda bandarini.