Inveta na betri kwenye gari-nyumba: volti 12 si mchezo

Malalamiko kuhusu inveta zilizofungwa kwenye magari-nyumba yameongezeka, na kitengo chetu cha ukaguzi kimeona vyema kutoa ufafanuzi huu. Hatuna shaka kwamba kila mwenye gari anataka mfumo salama. Kwa kuwa wengi huwa wameshanunua vifaa kabla ya kutuuliza, hatutaeleza hapa inveta ni nini, zaidi ya kwamba hugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi. Mengine yamo kwenye kijitabu chake.

Kauli tunayoisikia karibu katika kila ukaguzi ni hii: "Hizi ni volti 12 tu, haziui mtu." Kukurusha, hazikurushi. Zitakachofanya ni kukuunguzia gari. Inveta ya wati 2,000 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote huvuta ampea zipatazo 185 kutoka kwenye betri za volti 12, ukihesabu na nishati inayopotea ndani yake. Upande wa soketi za volti 230, ambako kila mtu huwa mwangalifu, mzigo huo huo haufiki ampea 9.

Chukua waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, uliotumika kwa sababu ndio uliokuwapo, mita 2 kwenda na mita 2 kurudi. Kwa ampea 185 zinapotea takriban volti 0.8, na wati 150 hivi zinageuka joto ndani ya waya uliofichwa nyuma ya mbao, chini ya godoro. Inveta ikiona volti zimeshuka hulia na kujizima, kisha mwenye gari anadai ameuziwa betri mbovu. Betri haina kosa. Kwa mzigo huo na umbali mfupi, sisi hutarajia kukuta milimita 70 za mraba, na inveta ikiwa jirani na betri. Kama lazima waya mmoja uwe mrefu, basi uwe ule wa kwenda kwenye soketi.

Fyuzi ndiyo inayotuchosha zaidi. Kazi yake ni kulinda waya, kwa hiyo hukaa karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Fyuzi iliyofungwa mlangoni mwa inveta inauacha waya wote wa katikati bila ulinzi, na waya huo ukichubuliwa na chuma cha bodi hakuna kitakachokata umeme. Fyuzi hiyo iwe imetengenezwa kwa mkondo mnyoofu, yaani umeme wa betri (DC). Mkondo geu, yaani umeme wa soketi (AC), hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu haupiti sifuri, hivyo swichi ya ukutani nyumbani inaweza kufunguka na cheche ikaendelea kuwaka ndani yake. Betri za lithiamu zikipigwa shoti hutoa maelfu ya ampea, ndiyo maana tunasisitiza fyuzi za daraja T, zinazoweza kukata hadi ampea 20,000. Fyuzi ya redio ya gari haihusiki hapa, tafadhali.

Betri za risasi zenye maji hutoa haidrojeni zinapochajiwa, na gesi hiyo ikifikia asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Zinahitaji sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje. Lithiamu aina ya fosfeti ya chuma haitoi gesi hiyo wakati wa kuchaji, lakini haichajiwi chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, wala haiunganishwi moja kwa moja na altaneta, jenereta ndogo ya injini inayochaji betri: betri itavuta umeme mwingi mpaka altaneta ipate moto kupita kiasi. Weka chaja maalumu katikati.

Kuhusu soketi, tunasema mara moja. Usiunganishe inveta na nyaya za gari kwa kamba yenye plagi pande zote mbili. Umeme wa nje ukiingia, inveta inaharibika. Usipoingia, plagi iliyo wazi ina umeme kamili. Swichi ya kubadilisha chanzo ni ya lazima, pamoja na ile inayokata umeme unapovuja.

Sasa utaratibu. Ombi la ukaguzi huambatana na mchoro wa nyaya unaoonyesha unene na urefu wa kila waya, ukubwa na aina ya kila fyuzi, na picha ya fyuzi kuu iliyopigwa kabla kifuniko hakijarudishwa. Mkaguzi hutenganisha betri na mfumo, hupima kubana kwa vichwa vya nyaya, huirudisha betri, huwasha mzigo mkubwa kwa dakika 15, kisha hupima joto la kila kiungo. Kiungo kilichozidi joto la waya wake kwa tofauti kubwa kinahesabiwa kuwa kimefeli, hata kama kila kitu "kinafanya kazi". Mfumo uliofeli hufungwa kwa lakiri. Anayekata lakiri bila ukaguzi wa pili hupoteza hati ya usalama, huanza ombi upya tangu mwanzo, na moto ukitokea asishangae kampuni ya bima ikiomba hati hiyo kabla ya kuzungumzia malipo.

Ombi lisilo na picha ya fyuzi hurudishwa bila kusomwa.