Karatasi ya sigara nyuma ya beringi: tuache!

Wiki hii tena nimefungua Peugeot 504 hapa Nakuru na kukuta karatasi ya sigara nyuma ya beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, ule mhimili unaozunguka wa injini). Ile ya rangi ya fedha, imekatwa kwa makasi, imelingana kabisa. Mwenye gari aliambiwa injini inagonga kwa kuwa beringi zimelegea, na karatasi "itazibana". Mafundi wenzangu, nawaomba.

Beringi ni bati jembamba la chuma lililovikwa madini laini. Haishikwi na kile kijino cha pembeni. Kijino kinaonyesha tu mahali pa kukaa. Kinachoishika ni ubano. Ukipachika nusu beringi, ncha zake huchomoza kidogo mno kupita ukingo wa kepu (kile kifuniko cha konrodi kinachofungwa kwa bolti). Ukikaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), ncha zinasukumana mpaka mgongo mzima unalala kwenye konrodi, na joto linapitia hapo kutoka. Ukiweka karatasi umeziba njia ya joto. Kisha karatasi yenyewe inaungua, inasagika, na mlegeo unarudi. Na wewe unayezipiga ncha hizo msasa "ili kepu ikae", unaondoa ubano wenyewe. Zimeachwa vile makusudi!

Tena, shingo ya kranki, pale beringi inapokaa, hailiki sawasawa. Inakuwa yai. Izungushie maikromita (kipimo cha unene) utaona. Karatasi itabana upande mnene, na ule mwembamba utaendelea kugonga. Dawa ni kusaga kranki, halafu beringi za andasaizi, yaani nene zaidi za kujaza kilichosagwa, mm 0.25 au 0.50. Usinunue kabla kranki haijapimwa.

Mengine mnayajua: mgongo mkavu, uso una oili, tundu la oili lielekeane na tundu. Nafasi kati ya shingo na beringi, kama kitabu cha gari hakipo, mimi huanzia 0.05 mm kwa shingo ya mm 50.

Kinachonitatiza bado ni shingo iliyokuwa yai kidogo lakini ingali ndani ya kipimo. Kuisaga ni kulila kranki la zamani ambalo mwenzake hapatikani kwa urahisi. Kuiacha ni kubahatisha. Plastigeji (uzi laini unaobanwa kupima nafasi hiyo) nayo hupima pale tu ulipoilaza. Kuna magari nimesaga, kuna mengine nimeacha, na sina kanuni moja ya kukupa. Nikiacha, nafunga geji ya presha ya oili na kulipandisha gari Mau Summit likiwa na mzigo. Likifika juu, injini ikiwa moto na haijakanyagwa, sindano ikilala chini nashusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) tena.