Kundi la damu halileti sikoseli
Ujumbe unaozunguka miaka nenda rudi kwenye magrupu unadai kwamba wachumba wenye kundi moja la damu, hasa O kwa O, watazaa mtoto mwenye sikoseli. Si kweli.

Jeni ni maelekezo ambayo seli hufuata kutengeneza protini. Jeni ya makundi A, B na O iko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni ndani ya seli) ya 9. Sikoseli hutokana na jeni nyingine kabisa, ya kromosomu ya 11, inayohusika na himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Herufi moja tu ya jeni hiyo ikibadilika, himoglobini hugandamana na chembe nyekundu hujipinda kama mundu. Badiliko dogo, maumivu makubwa.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani majibu ya himoglobini huandikwa AA (hana jeni ya sikoseli), AS (amebeba jeni moja ya sikoseli bila kuugua) au SS (mwenye sikoseli), yakafanana na makundi ya damu. Wazazi wote wakiwa AS, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto SS. Hospitalini, ulizeni kipimo cha aina ya himoglobini.

Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Unavunja uchumba bure, na unawatuliza wenye makundi tofauti ambao huenda wote ni AS.